Kilemba cha Fundi



Nataka kuanza na keekee. Vijana huenda hamjaiona. Ni kijiti chenye ncha ya chuma, kinachozungushwa kwa kamba ya uta mdogo unaovutwa mbele na nyuma, na ndicho walichotobolea mbao mafundi wa vyombo kabla mashine za umeme hazijafika. Penye tundu gumu fundi huikandamiza keekee kwa mikono miwili, na mtu mwingine huvuta uta. Mtu huyo mara nyingi alikuwa mtoto.

Mimi nilikuwa mtoto huyo. Nilikuwa na miaka tisa, baba yangu akifanya kazi mbali, na barua zake zikija kwa nadra. Nikitoka shule nilishuka pwani, nikakaa juu ya gogo la mkoko na kumtazama fundi mmoja akiunda mashua. Hakuniita, wala hakunifukuza. Siku ya tatu alinyoosha mkono bila kugeuka, akanipa uta. Akasema, "Vuta." Nikavuta kwa muda wa miaka mitatu. Katika miaka hiyo nilijua mkuku na taruma, nikajua namna pamba inavyosokomezwa kati ya mbao wakati wa kukalafati, nikajua kupima kwa macho kabla ya kupima kwa kamba. Nilijua pia kwamba mtu akikosea hasemi mbao ilikuwa mbaya.

Fundi yule hakuwa baba yangu, wala mjomba wangu, wala jirani yetu. Hapakuwa na mtu aliyemlipa kwa ajili yangu. Mtoto wa miaka tisa huchelewesha kazi zaidi ya kuisaidia. Nimelea watoto, nalijua hilo. Basi kwa nini alinipa uta? Swali hilo nimekaa nalo miaka hamsini na kitu, na jioni hii nataka kulijibu kadiri ninavyoweza, kwa sababu sasa mimi mwenyewe ni mzee ninayekaa na watoto wa watu wengine, nami naulizwa vilevile.

Tuna methali tunayoipenda: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunaitoa kama tishio. Mtoto akikaidi tunamwambia, ngoja, ulimwengu utakufunza, tukiwa na maana ya njaa, aibu, rungu la polisi. Lakini ulimwengu ni nani? Ulimwengu hauna mikono. Wanaomfunza mtoto nje ya nyumba ya mamaye ni watu: dereva anayempa kazi ya kuosha gari, dada wa saluni, kocha wa timu ya mtaa, ustadh, muuza unga. Mmoja wao atamfikia mtoto kwanza. Methali ile inatuhusu sisi watu wazima kabla ya kumhusu mtoto, kwa kuwa sisi ndio ulimwengu.

Ninapouliza watu kwa nini mtu mzima ajitolee kumlea kijana asiye wake, napata majibu mawili. La kwanza ni la mtu aliyechoka: mkono mtupu haulambwi, kila anayejitolea anatafuta kitu, kama si posho basi udiwani. La pili ni la mtu mwema: ana moyo mzuri, Mungu atamlipa. Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini yana kosa moja. Yote mawili yanamtazama mlezi peke yake, kana kwamba jambo hili limeanzia kwake. La kwanza linapekua mifuko yake na la pili linapekua moyo wake. Hakuna linalouliza yeye mwenyewe alitoka wapi.

Niwarudishe kwa mtu wa mji huu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mwalimu hapa Bagamoyo katika karne ya kumi na tisa. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na maandishi yake yakawa sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokisimamia Carl Velten na kukichapisha mwaka 1903. Ukikisoma utaona jinsi mtoto wa pwani alivyopitishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine: mkunga, mwalimu wa chuo, kungwi, somo, nyakanga. Mama na baba wapo, lakini katika kila kizingiti cha maisha anasimama mtu mwingine mzima, na mtu huyo ana jina la kazi yake. Hilo la jina ni kubwa. Msichana hakuambiwa "tafuta mtu mwema akuelekeze". Alikuwa na kungwi, na mji mzima ulijua kungwi wake ni nani.

Mtoro mwenyewe hakupata kurudi kuwafunza watoto wa Bagamoyo. Mwaka 1905 alijaribu kurudi na mkewe, ambaye alikuwa Mjerumani, na serikali ya kikoloni haikukubali wakae nchini. Alifariki Ujerumani mwaka 1927. Alichokijua juu ya malezi yetu alikiandika kwa wageni, nasi leo tunakisoma kama watu waliotumiwa barua ya zamani ya nyumbani kwao.

Sasa nije kwenye neno lililonipa kichwa cha mhadhara huu. Kilemba tunakijua kama kitambaa cha kichwani. Lakini pwani kilemba kilikuwa pia zawadi aliyopewa mwalimu au fundi pale mwanafunzi au mwanagenzi alipohitimu. Kingeweza kuwa nguo, kingeweza kuwa fedha. Hakikuwa mshahara, maana mshahara hulipwa kwa mwezi na aliyeajiri. Kilitolewa mara moja, mwishoni, mbele ya watu, na maana yake ilikuwa: mtoto huyu amefunzwa, aliyemfunza ni huyu, na sisi sote tumeona.

Kwa hiyo anayesema wazee wetu walifunza bure kabisa anakosea. Na anayesema walifunza kwa ajili ya malipo anakosea zaidi, kwa sababu hakuna kilemba kinacholingana na miaka mitatu ya kumvumilia mtoto anayeharibu mbao. Kilemba kiliheshimu kazi bila kuinunua. Leo tumekiacha, na mahali pake tunawavika walezi wetu kile ambacho lugha yetu inakiita kilemba cha ukoka: sifa tupu, makofi, picha ya pamoja na cheti chenye jina lililokosewa. Nawajua makocha wa watoto katika mitaa ya Magomeni na Nianjema wanaonunua mpira kwa fedha za mfukoni. Wanapewa ukoka kila mwaka, na kila mwaka mmoja wao anaacha.

Nimesoma kidogo yaliyoandikwa na wengine. Mwaka 1998 huko Marekani E. Gil Clary, Mark Snyder na wenzao walieleza sababu sita zinazowafanya watu wajitolee: mtu kufuata maadili yake, kutaka kujua jambo, kukuza hadhi yake machoni pake mwenyewe, kujitafutia njia ya kazi, kuwa pamoja na watu anaowajali, na kujikinga na huzuni au majuto. Ni kazi ya uangalifu na nimejifunza kwayo. Lakini niliposoma orodha hiyo nilitafuta neno moja nisilipate, nalo ni deni.

Nadhani deni ndilo jibu. Mtu mzima hujitolea kwa kijana kwa sababu yuko mtu aliyemfanyia yeye hivyo, na mtu huyo hawezi tena kulipwa. Labda amekufa, labda amehama, labda angekataa malipo. Deni lisiloweza kurudi lilikotoka halifutiki. Hukaa kifuani likimsumbua mwenyewe, mpaka siku anapomwona mtoto amekaa juu ya gogo.

Mji huu umeyaona hayo kwa ukubwa wake. Yahya bin Abdallah, ambaye watu walimwita Sheikh Ramiya, alitolewa Kongo mashariki utotoni akaletwa hapa akiwa mtumwa, akawa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, aliyekuwa liwali wa Bagamoyo. Fikirini. Katika mji ambao nasaba ilikuwa kila kitu, mtoto asiye na nasaba alipata kusoma. Akasoma mpaka akawa mwanachuoni, akafungua darasa lake, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 jina lake lilikuwa limevuka mipaka ya mji huu. Aliingia Bagamoyo bila mama wa kumfunza na bila baba wa kumtaja. Ulimwengu ndio uliomfunza, kisha yeye akawa ulimwengu wa wengine. Sidhani kama mtu wa namna hiyo anaweza kukaa na elimu yake peke yake akalala usingizi.

Lakini nisiwaambie kwamba yote yaliyofanywa kwa jina la kuwalea watoto yalikuwa safi. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Waliwakomboa watoto kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa kwa kuwanunua, wakawafundisha kusoma, kulima na kazi za mikono, wakawaozesha, wakawajengea kijiji cha Kikristo. Watoto wengi waliokoka na mauti kwa ajili ya kazi hiyo, na ni wajibu kuikumbuka. Hata hivyo mtoto hakuulizwa anataka kuwa nani. Alikombolewa ili awe wa misheni. Nalisema hili kwa sababu kishawishi hiki kipo kwa kila mlezi hadi leo, awe wa dini, wa chama au wa mpira: kumsaidia kijana ili awe wako. Utakitambua siku kijana anapokuja kukwambia amechagua njia nyingine. Ukihisi umeibiwa, ujue ulikuwa unajenga milki.

Kuna upande mwingine ambao walezi huuonea haya, nami sioni haya kuusema. Tunawahitaji vijana. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliandika mwaka 1950 kwamba mtu wa makamo asiyeshughulika na kizazi kinachomfuata hudumaa ndani. Sisi tulilijua hilo kwa maneno mafupi zaidi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenye ujuzi asiye na wa kumrithi hubeba maumivu ambayo hospitali haiyaoni. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, bingwa wa ilimba na zeze, aliishi na kufundisha hapa Bagamoyo, katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 tunakiita TaSUBa. Kazi ya chuoni ilikuwa na mshahara. Lakini muziki wa Kigogo haukuishia chuoni. Uliendelea uani nyumbani kwake, kwa watoto na jamaa wa ukoo wake, katika mji wa pwani ulio mbali na Ugogo. Alifariki mwaka 2003. Mwaka 2024 Pendo na Leah, wanawake wa ukoo huohuo, walitoa albamu yao, Maisha, wakipiga hata ala ambazo kwa desturi zilikuwa za wanaume. Anayefunza hajui alichokitoa kitafika wapi. Kama angejua, pengine angejaribu kukizuia, na hasara ingekuwa yetu sote.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana msinione nimesimama hapa kama mtu aliyefaulu.

Nilipostaafu ualimu nilianza kukaa na watoto jioni, kusoma na hesabu, nyumbani kwangu barazani. Alikuja kijana mmoja wa miaka kumi na nne. Alikuwa mwepesi wa akili kuliko wote, na alikuwa akiamka usiku kubeba samaki sokoni kabla ya shule. Nilimpenda, nikamtegemea. Siku moja alichelewa mara ya tatu kwa wiki, nami nikamgombeza mbele ya wenzake kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Hakujibu. Hakurudi. Nilipouliza niliambiwa amekwenda Dar es Salaam. Nilimtafuta kwa mwezi mmoja, halafu, na hili ndilo linaloniuma, nikaacha. Nilijiambia nina watoto wengine kumi wanaonisubiri.

Baadaye nilisoma utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes wa mwaka 2002. Waliwaangalia vijana wa Marekani waliounganishwa na watu wazima wa kujitolea, katika mpango wa aina ile iliyoanza baada ya Ernest Coulter, karani wa mahakama huko New York, kuomba mwaka 1904 kwamba mtu mzima mmoja amchukue mvulana mmoja aliyefikishwa mahakamani. Urafiki uliodumu mwaka mmoja au zaidi uliwafaa vijana katika mambo mengi. Uliovunjika ndani ya miezi michache uliwaacha baadhi yao wakijithamini kidogo kuliko walivyokuwa mwanzo. Nilifunga karatasi zile nikatoka nje. Kijana wangu alikaa nami miezi mitatu.

Kwa hiyo nawaomba wenye moyo mwepesi wasianze. Kijana aliyekwisha kuachwa na mmoja hahitaji wa pili wa kumwacha. Ukiwa na mwezi mmoja tu, wafunze wengi pamoja jambo moja, kisha waage vizuri. Ukitaka kuwa mtu wa mtoto, mpe mwaka, na mwaka huo uanze kwa kwenda kwa mama yake, ukae, unywe chai, useme unaitwa nani na unataka nini. Kungwi hakujichagulia mwari njiani. Na ufundishe mahali pa wazi, barazani, uwanjani, chini ya mwembe, mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Wako watu wazima wanaojipendekeza kwa watoto kwa nia mbaya, nao pia husema wanajitolea. Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, lakini sheria hufika baada ya jambo kutendeka. Baraza iliyo wazi hufika kabla.

Na nyinyi viongozi wa mitaa, na wenye maduka, na wenye hoteli za ufukweni, sitaki mnipe posho. Posho ya kila wiki itawaleta wanaotaka posho. Nataka turudishe kilemba. Kijana akihitimu, awe amejifunza kusoma, kukalafati, kupiga ngoma au kutengeneza pikipiki, tumwite aliyemfunza mbele ya watu, mama wa kijana asimame, jina litajwe sawasawa, na apewe kitu cha kushikika: seti ya misumeno, mipira, gunia la mchele, nauli ya kwenda kuona wajukuu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na karibu nusu yao walikuwa watoto wasiofika miaka kumi na minane. Wazazi peke yao hawatoshi, na walimu waliosajiliwa peke yao hawatoshi. Ulimwengu utalazimika kuingia, na afadhali tujue umeingia kwa nani.

Nimalizie habari ya fundi wangu. Nilikuwa na miaka thelathini na tano, na mshahara, nilipokumbuka kwamba sikuwahi kumpa kilemba. Nilinunua shuka na kanzu nikamfuata. Alikuwa amezikwa miaka minne nyuma. Nikarudi na kanzu yangu. Mwaka juzi tu, baada ya yaliyonipata na kijana yule, niliona vibaya kuendelea hivyo, nikamtafuta binti yake. Sasa ni bibi anayekaanga samaki. Nilimweleza kila kitu, uta, gogo, miaka mitatu, nikampa kilicholingana na kanzu ile.

Alinisikiliza huku akigeuza vibua kwenye mafuta. Akasema, "Mwalimu, nisamehe, lakini baba hakuwahi kukutaja. Walikuwa wengi sana wale watoto."

Kisha akafuta mikono, akaniuliza kama ni kweli ninafundisha hesabu jioni. Ana mjukuu, akasema, wa miaka kumi na miwili, kichwa kigumu.

Mtoto huyo anakuja kwangu mwaka wa pili sasa, na hesabu bado haipendi. Anapenda simu, akiiona iliyovunjika kioo macho yake hubadilika. Nimemvumilia, yeye naye amenivumilia. Mwezi uliopita, kwa idhini ya bibi yake, nilimpeleka kwa kijana mmoja anayetengeneza simu karibu na stendi, kwenye meza iliyo wazi kando ya barabara. Kijana alikuwa amefungua simu ya mteja na ameshika bisibisi kwa meno. Nikaanza kueleza sisi ni nani na tumekuja kwa nini. Hakuniangalia. Aliitoa bisibisi mdomoni, akamnyooshea mtoto tochi, akamwambia, "Shika hapa. Usitikisike."